Nyuzijoto Ishirini na Tisa

Doa la kwanza lilijitokeza Jumanne saa nne asubuhi, joto la kioo cha hadubini liliposhuka hadi nyuzi ishirini na tisa. Kemilembe alidhani ni uchafu. Akapangusa kioo, akadondosha tone jingine, akainama tena. Kiputo kilikuwa palepale, mviringo kamili, kinang'aa kwa rangi aliyokitia. Na juu ya mng'ao ule doa jeusi lilikuwa likiteleza taratibu, likakutana na doa jingine, yakaungana yakawa moja kubwa.

Akapandisha joto hadi thelathini na saba. Madoa yakayeyuka, kiputo kikatakata. Akalishusha tena. Madoa yakarudi.

Alirudia mara kumi na moja, kwa sababu alitaka sana awe amekosea.

Kiputo kile hakikuwa seli. Kilikuwa mfano wa seli, ngozi tupu isiyo na kitu ndani, iliyoumbwa kwa lipidi tatu zilezile zilizounda utando wa damu ya pili, ile inayotengenezwa maabara: moja ngumu, moja laini, na kolesteroli ya kuzipatanisha. Uwiano wa tatu hizo, sehemu ngapi kwa ngapi, aliuandika yeye kwa mkono wake miaka sita nyuma.

Kabla ya hapo damu ya pili ilikuwa ikiishi mwilini siku tisa tu. Mgonjwa wa selimundu aliyetoka visiwani alifika Bukoba, akatiwa seli za maabara, akarudi kwao, na kabla hajasahau safari seli zilikuwa zimepasuka na maumivu yamemrudia. Kemilembe ndiye aliyeongeza lipidi ngumu. Seli zikaanza kuishi miezi minne. Katika wodi ya watoto pale mjini vitanda kumi na vinane viliondolewa kwa kukosa wa kuvilalia, na siku vilipotolewa nje wauguzi walipiga vigelegele kana kwamba wanasindikiza bibi harusi. Sasa watu elfu arobaini walikuwa wakitembea na mchanganyiko wake mishipani. Mmoja wao alikuwa Asimwe, mdogo wake wa tumbo moja.

Tena ni Asimwe aliyemfikisha kwenye kioo kile. Jumapili iliyopita, baada ya chakula, alisema kama anayetania: "Dada, siku hizi vidole vyangu kama vimevaa glavu."

Alhamisi Kemilembe akatazama sahani ya pili. Humo aliviweka pamoja viputo vya damu ya pili na viputo vingine, vilivyotengenezwa kwa mfano wa ala inayofunika mishipa ya fahamu, akaviacha kwenye nyuzi ishirini na tisa kwa siku mbili. Viputo vya fahamu vilikuwa vimepoteza theluthi ya kolesteroli yake. Haikuwa imepotea. Ilikuwa imehamia ng'ambo, imejazana ndani ya madoa.

Akavua koti la maabara, akaondoka bila kumuaga mtu.

*

Asimwe alikuwa barazani kwake, mvua ikinyesha juu ya migomba, meza yake ikiwa imeegeshwa ukutani ili karatasi zisilowe. Selimundu ilimpofusha akiwa na miaka kumi na tisa, kabla damu ya pili haijapatikana, na tangu hapo vidole ndivyo vilivyokuwa macho yake. Kazi yake ilikuwa kuhakiki vitabu vya nukta nundu kabla havijapelekwa kwenye shule za wasioona. Katika mkoa mzima hapakuwa na mtu aliyemzidi.

"Umekuja na viatu vya kazini," alisema kabla hajasalimiwa. "Kuna nini?"

"Nipe mikono yako kwanza."

Kemilembe akaishika. Ilikuwa baridi kuliko alivyotarajia. Akatoa pini kwenye ukosi wake, akachoma ncha ya kidole cha shahada, kidogo tu.

"Nimekugusa?"

"Bado."

Damu ilikuwa imeshatoka. Kemilembe akaifuta kwa upindo wa nguo yake.

"Asubuhi ndiyo mbaya," Asimwe akaendelea. "Nikishanawa maji ya baridi, ukurasa unakuwa kama ukuta uliopigwa plasta. Mwezi jana nilipitisha kitabu cha hesabu cha darasa la tano. Wamekirudisha. Makosa arobaini na moja kwenye ukurasa mmoja, Dada. Mimi! Nikasema labda nimezeeka, na miaka thelathini na miwili sijaifikisha."

"Hujazeeka. Ni mimi."

Akamweleza. Hakuwa na njia nyingine ila kumpeleka jikoni. "Ukichanganya samli na mafuta ya alizeti kwenye sufuria moja, yakiwa moto ni kitu kimoja. Asubuhi ya kipupwe je?"

"Samli inaganda, inajikusanya peke yake."

"Utando wa seli ndivyo ulivyo. Una mafuta magumu na mafuta laini. Kolesteroli ni mshenga, anakaa katikati, anazuia magumu yasigande na laini yasivuje. Lakini mshenga huyu ana upendeleo. Anapenda upande wa magumu. Na mimi damu ya pili nimeijaza magumu ili idumu. Ikipita kwenye vidole, penye baridi, magumu yanajikusanya madoa madoa, na kila doa linavuta kolesteroli ya jirani. Jirani mwenyewe ni mishipa yako ya fahamu."

"Na hamkupima?"

"Tulipima. Kwenye nyuzi thelathini na saba, kama moyo." Akairudisha pini ukosini. "Vidole havina thelathini na saba. Sikufikiria vidole, Asimwe."

Mvua ilizidi. Asimwe akazungusha kile kidole kilichochomwa ndani ya kiganja cha mkono wa pili, kama anayetafuta tundu.

"Baada ya vidole ni nini?"

"Miguu, masikio. Baadaye sijui. Nadhani inapanda."

"Mpaka kichwani."



*

Profesa Mbwambo, mkurugenzi wa taasisi, aliangalia picha zote bila kukatiza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefanya kazi kwenye wodi ile miaka kumi na minne kabla ya kupewa ofisi, na watu walisema mikono yake ndiyo iliyofumba macho ya watoto wengi kuliko mikono ya padri yeyote wa jimbo lile.

"Kiputo si mtu," alisema hatimaye.

"Najua, Profesa."

"Ndani ya mwili kuna ini linalotengeneza kolesteroli kila siku. Kuna protini, kuna sukari juu ya utando, kuna vitu elfu ambavyo havimo kwenye tone lako. Huenda mishipa inafidia inachoibiwa. Huenda hata haiibiwi."

"Mdogo wangu nimemchoma pini, hakusikia."

"Selimundu yenyewe huleta ganzi, na kisukari pia. Hata huzuni huleta ganzi." Akazirudisha picha upande wa pili wa meza. "Nikitangaza leo, kesho nusu yao watakimbia sindano. Atakayeikimbia, seli alizonazo zikiisha, wiki mbili hazitapita kabla mifupa haijaanza kumlilia. Mchanganyiko wa zamani, ule laini wa siku tisa, kiwanda kinaweza kumtosheleza mtu mmoja kati ya saba. Hao sita niwaambie nini? Kwamba tuliona madoa kwenye kioo?"

"Tuwaambie ukweli, wachague."

"Ukweli upi? Bado hatujaupata." Aliondoa miwani, akajifinya pua. "Niletee mtu, Kemilembe. Mmoja tu aliyeacha damu ya pili na ganzi ikamwondoka. Nitasaini siku hiyohiyo, na kiwanda nitakigeuza."

"Anayeacha anaweza kufa."

"Ndiyo sababu sitaki waache, binti yangu."

*

Alikosea kumsimulia Asimwe mazungumzo yale. Au hakukosea, baadaye hakuweza kuamua.

"Sindano yangu ni wiki ijayo," Asimwe alisema. "Sitakwenda. Tena seli hizi zilizobaki mwilini nichujieni kwa mashine. Nitakusomea ukurasa mmoja kila siku, wewe uhesabu makosa. Kipimo gani kitashinda hicho?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unajua selimundu ilivyo. Umeisahau?"

"Nimeisahau?" Asimwe akacheka kicheko kikavu. "Macho yangu iliyala. Sijaisahau. Lakini nikingoja, vidole vitakwenda, halafu masikio, halafu hiki kinachozungumza na wewe sasa hivi. Sina macho, Dada. Ikifika huko nitakuwa nimefungiwa wapi?"

Kemilembe akasimama, akaenda mpaka ukingo wa baraza. Kanuni za taasisi zilikataza mtafiti kumpima ndugu yake. Lakini hakuwa akifikiria kanuni.

"Angekuja mtu mwingine," sauti ya Asimwe ikamfuata. "Mtu usiyemjua, kutoka huko Ngara. Akakwambia maneno hayahaya, akili zake timamu. Ungemkatalia?"

Kemilembe alitafuta uongo wa kusema, akaukosa.

"Basi ungemkubalia," Asimwe akasema. "Huyo naye angekuwa mdogo wa mtu."

Siku tatu Kemilembe alikula bila kujua anachokula. Siku ya nne akatia sahihi kwenye fomu, mahali palipoandikwa *mtafiti*, akamwomba Profesa atie yake mahali pa shahidi. Profesa alishika kalamu muda mrefu. Alitia.

*

Mashine ilichuja seli kwa siku mbili. Siku ya tano ukurasa ulikuwa na makosa arobaini na matatu, na Asimwe akasema pengine Profesa amesema kweli. Siku ya tisa, thelathini na matatu. Siku ya kumi na mbili, ishirini.

Asubuhi ya siku ya kumi na tano Kemilembe alimkuta ameketi kitandani, chumba kidogo cha taasisi kikinuka dawa ya sakafu, ameinua mikono yote miwili usoni kama anayeomba.

"Vinauma," alinong'ona. Kisha kwa sauti, "Dada, vidole vinauma! Njoo ushike. Hapa, na hapa. Vinauma!"

Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka. Kemilembe akavishika vidole vile, vimevimba, vina joto, naye akajikuta anacheka pia. Hakika walicheka. Muuguzi Leokadia, aliyekuwa akiwahudumia, alichungulia mlangoni akajua kabla yao kuwa hiyo ni selimundu, kwa kuwa alikuwa na umri wa kuikumbuka wodi ilivyokuwa. Akaondoa sinia la chai, akaenda kutafuta mtungi wa oksijeni.

Mchana ule maumivu yakahamia nyongani, kisha mgongoni. Jioni Asimwe alikuwa ameuma shuka.

Siku ya kumi na saba ukurasa ulikuwa na makosa kumi na mawili. Ulimchukua saa mbili na nusu, akipumzika kila mstari. Profesa Mbwambo alikuja mwenyewe, akasoma orodha, akamtazama mgonjwa, akamtazama Kemilembe.

"Inatosha," alisema. "Mrudishie damu. Nitasaini."

"Kumi na mawili hayatoshi," Asimwe akasema kutoka kitandani, maneno yakitoka moja moja. "Niliwahi kupata kumi na mawili nikiwa na mafua tu. Watu wa wizara watasema ni bahati. Kawaida yangu, nikisoma mara moja tu, ni sita. Ngojeni sita."

"Mwanangu, kifua chako sikipendi."

"Siku mbili, Profesa."

Wote wawili wakageuka upande wa Kemilembe. Mwenye kuamua alikuwa yeye. Jina lake ndilo lililokuwa juu ya fomu. Chupa ya damu ya pili ilikuwa tayari kwenye jokofu la ukumbini, hatua kumi kutoka pale. Aliijua idadi ya seli zilizomo. Alijua pia kwamba watu wa wizara wangesema hasa hivyo, kwa maneno hayo hayo. Akaangalia vidole vya mdogo wake vikipapasa pindo la ukurasa mpya, tayari kuanza.

"Tungoje," Kemilembe alisema.

Profesa hakubisha. Alitoka taratibu, akaufunga mlango kwa mikono miwili usigonge.

Siku ya kumi na tisa Asimwe alisoma ukurasa wa mwisho. Ulikuwa wa kitabu cha jiografia, unazungumzia mito ya Kagera. Alisoma kwa sauti, kidole kikitangulia na pumzi ikibaki nyuma, na Kemilembe akiweka alama kwa penseli kila aliposikia kosa. Mwishoni akahesabu. Akahesabu tena.

"Ngapi?"

"Matano."

"Umenipendelea."

"Sijakupendelea. Matano."

"Haya," Asimwe akasema, akalaza kichwa. "Leteni damu."

Waliileta. Leokadia alipata mshipa mara ya kwanza, na chupa ikaanza kushuka. Lakini damu ya asili ilikuwa imeshagandamana ndani ya mapafu, kifua kikawa kinapanda bila kupokea kitu. Alifariki kesho yake, Ijumaa, saa sita na robo mchana. Alikuwa amemshika dada yake kidole gumba, akikibonyeza kila mara kana kwamba anahakikisha kipo.

*

Walimzika kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yao, siku ya Jumapili. Profesa Mbwambo alifika na viatu vya mjini, akazama kwenye tope mpaka vifundoni, akasimama mpaka udongo wa mwisho. Jumatatu alisaini. Jumatano redio zote zilisoma tangazo: damu ya pili inayotumika sasa huiba uhai wa mishipa ya fahamu polepole, ganzi inaweza kuondoka kwa anayeacha, anayeacha yumo hatarini kupatwa na maumivu ya selimundu na kufa, mchanganyiko laini utatolewa kwa kura, mmoja kati ya saba, mpaka kiwanda kitakapopanuliwa. Hawakulitaja jina la Asimwe. Waliandika *mshiriki mmoja*.

Kemilembe alikuwa ameandaa maneno ya kujibu hasira, hata mawe alikuwa ameyatarajia. Siku mbili baada ya tangazo alikwenda kliniki mapema, akakaa kwenye meza iliyowekwa mlangoni, na mbele yake rundo la fomu mpya zinazoeleza kila kitu. Alidhani ukumbi utakuwa mtupu.

Foleni ilikuwa imepita geti. Akina mama na watoto mgongoni, madereva, wanafunzi wenye sare, mzee mmoja aliyebebwa kwenye kiti cha plastiki. Hakuna aliyempigia kelele. Walisogea, wakasoma au wakasomewa, wakaweka sahihi, wakaingia kutiwa damu ileile.

Wa kumi na moja alikuwa Mwalimu Respicius, mtu mzima wa makamo, shati limepigwa pasi. Aliwahi kuwafundisha watoto wa mtaa wao mwandiko. Alisoma fomu yote, akaigeuza, akasoma na nyuma.

"Kwenye kura umeandikwa jina, Mwalimu?" Kemilembe alimuuliza.

"Nimeandikwa. Sikubahatika." Akakunja fomu mara mbili. "Daktari, nikuulize. Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

Ndilo swali alilokuwa akiliogopa wiki nzima. "Sijui, Mwalimu," alisema. "Ninajua tu kitakachotokea ukitiwa, na kitakachotokea usipotiwa. Vyote viwili nimeviona."

Mwalimu Respicius akatikisa kichwa kama anayepokea jibu la mwanafunzi asiye hodari lakini mkweli. "Nina mtoto wa kidato cha pili," alisema. "Nahitaji miaka minne. Mitano nikijaliwa."

Akachukua kalamu. Vidole vya mkono wa kulia havikuweza kuikamata, ikaanguka mezani. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, akaandika jina lake herufi kwa herufi, kwa mwandiko mbaya ambao bila shaka asingeukubali kwa mtoto yeyote.

Leokadia alimkalisha kwenye kiti cha kutiwa damu, akafungua mpira. "Mkono gani, Mwalimu?"

"Huu." Akanyoosha wa kulia. "Huu umeshakufa. Wa kushoto niachieni."

Kemilembe alikuwa amemfuata mpaka pale na chupa mkononi. Alifungua mdomo. Mwalimu Respicius akamtangulia, bila kumtazama, akiendelea kukunja mkono wa shati.

"Najua, Daktari. Najua damu inazunguka. Nyie chomeni huu."